Maji Ndani ya Chombo Kipya

Mwezi uliopita mama mmoja kijana alifika kliniki ya watoto akiwa amebeba birika la umeme ndani ya boksi lake. Alilinunua ili achemshe maji ya kumwandalia mtoto maziwa. Alipofungua kifuniko alikuta matone ya maji na alama nyeupe ya duara pale mengine yalipokaukia. "Sista," akaniambia, "nimeuziwa mtumba kwa bei ya kipya. Mwanangu hatadhurika?"

Sikumcheka. Hata mimi niliwahi kurudisha pasi ya mvuke dukani, nikiwa nimekasirika kwelikweli. Muuzaji akafungua mbele yangu boksi jingine lenye gundi ya kiwandani, akaitikisa pasi, nayo ikadondosha maji. Nikaona haya.

Vyombo vinavyotumia maji, kama birika, pasi ya mvuke na mashine ya kufulia, mara nyingi hutiwa maji kiwandani ili kuona kama vinavuja na kama vinafanya kazi. Viwanda vingine hupima kila kimoja, vingine huchagua vichache. Ndiyo maana chako kina maji na cha jirani ni kikavu. Baadaye maji humwagwa, lakini yaliyo ndani ya mpira wa kutolea maji au kwenye pampu hayaishi yote.

Maji ya kiwandani huwa machache na hayana povu la sabuni. Ukikuta ukoko mgumu mweupe chini ya birika, nywele au mabaki ya sabuni kwenye mashine, au plagi iliyochubuka, hapo una haki ya kushuku. Rudi dukani na risiti yako.

Hata hivyo, maji hayo si ya kunywa. Yamekaa humo safarini na ghalani, pengine miezi mingi, na maji yaliyotuama hukuza vijidudu. Tena ndani ya chombo kipya huweza kuwa na vumbi au mafuta ya kiwandani. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi mafuta. Kwa hiyo mwaga kwanza, suuza, jaza maji safi hadi kwenye alama, chemsha, mwaga. Rudia mara mbili au tatu. Sehemu ya chini yenye umeme usiitumbukize majini, ifute tu kwa kitambaa. Mashine ya kufulia iendeshe mara moja kwa maji ya moto bila nguo, na vile vitambaa vya mtoto visubiri. Ukiona maji upande wa nyaya au plagi, usichomeke kabisa, mwite fundi.

Wengine husafisha kwa siki, wengine kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Tafadhali, usivichanganye kamwe! Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni friji, hasa la mtumba. Nyuma yake, chini karibu na mota, mengi yana trei dogo la plastiki linalopokea maji ya barafu inayoyeyuka. Wengi hawajui kama lipo. Humo huweza kuzaliana mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Friji likiletwa kavu, mayai yaweza kuwa bado yamo, yakingoja maji.

Basi kumwaga tu hakutoshi. Chomoa friji, toa trei, lisugue pande zote kwa brashi na sabuni, na ufanye hivyo kila wiki. Kama halitoki, mwombe fundi akuonyeshe namna ya kulifikia.

Mtu nyumbani akipata homa kali ya ghafla, maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, mleteni hospitali apimwe, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, maana huongeza hatari ya kutokwa damu.