Mbaazi za Jumapili hubandikwa Jumamosi

Nyumba nyingi za Mombasa, Tanga na Unguja huanza kifungua kinywa cha Jumapili tangu Jumamosi mchana. Mbaazi kavu huchambuliwa kwenye sinia, zikaoshwa na kulowekwa. Usiku hubandikwa kwa moto wa taratibu mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole inapondeka yenyewe. Hapo epua. Tui usilitie usiku huo.

Anayetaka kupika siku moja kabla ajue lipi ni la usiku na lipi ni la asubuhi. Kuloweka mchele wa vitumbua, kutwanga hiliki, kuipaka nyama ya pilau tangawizi na thomu, yote hayo ya usiku. Unga wa mahamri pia hukandwa usiku. Ukiwekwa kwenye friji, hamira hufanya kazi polepole na unga hauchachi kupita kiasi. Tui liachie asubuhi, kwa kuwa joto la pwani haliipi nazi nafasi.

Wali ndio wa kuogopwa zaidi, na watu wengi hawauogopi. Mna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala sufuriani nje ya friji, bakteria huzaliana na huweza kutoa sumu isiyoondoka hata uupashe mpaka utoe moshi. Kwa hiyo utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingize kwenye friji. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzijoto 5, na kikipashwa kifikie nyuzijoto 70 mpaka katikati. Asiye na friji apike wali wa kuliwa siku ileile.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka kuona mama wa nyumba, siku ya Idi, akiwasikia wageni kwa mbali tu, mgongo umeinama jikoni. Naye ana haki ya kukaa mkekani na kula chakula kikiwa moto.

Mbaazi zikipoa usiku, nazo ziingie kwenye friji. Asubuhi zirudishe jikoni na tui jepesi, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, zichemke vizuri. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, na ukoroge bila kufunika ili lisikatike.