Soko la Owino, Kampala: Kwa nini mhandisi anapaswa kufundishwa kuandika?

Wahandisi hufundishwa kukokotoa uzito ambao nguzo inaweza kubeba na kiasi cha maji kinachoweza kupita katika mfereji. Lakini hesabu sahihi ambayo msomaji wake hakuielewa haimwokoi mtu. Katika Soko la Owino jijini Kampala, suala hilo linagusa mali na maisha ya makumi ya maelfu ya watu.

Soko hilo lilianzishwa mwaka 1971. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya mfiadini wa Uganda aliyeuawa mwaka 1885 katika eneo la Nakivubo. Liko bondeni, karibu na Mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji ya jiji kuelekea Ziwa Victoria, na linafahamika zaidi kwa mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba.

Mvua kubwa ikinyesha, eneo hilo hukumbwa na mafuriko. Moto nao umeteketeza sehemu za soko zaidi ya mara moja, ukiwemo ule wa Februari 2009. Mfereji, nyaya za umeme na njia za magari ya zimamoto ni mambo ya kihandisi. Hata hivyo, uamuzi kuhusu mambo hayo hufanywa na watu wasio wahandisi: madiwani, maafisa wa fedha, viongozi wa soko na wachuuzi wenyewe.

Ripoti moja, wasomaji wengi

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ripoti za kitaalamu nchini Uganda huandikwa kwa Kiingereza, ilhali sokoni watu husikilizana zaidi kwa Kiganda, na wengine kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa kubuni. Mhandisi anaandika: "Kutokana na upungufu wa uwezo wa mfereji, inapendekezwa hatua stahiki zichukuliwe." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haisemi nani afanye nini, wala lini.

Angeweza kuandika hivi: "Mvua ya saa moja itafikisha maji magotini katika vibanda vya safu ya chini. Halmashauri iondoe taka mferejini kabla ya Machi, mvua za masika zinapoanza." Diwani anajua cha kutengea fedha, na mchuuzi anajua kwamba marobota yake hayafai kuwekwa sakafuni.

Funzo kutoka chombo cha Columbia

Gharama ya maandishi yasiyoeleweka ilionekana nchini Marekani. Chombo cha anga za juu cha Columbia kilipasuka Februari 1, 2003, na watu wote 7 waliokuwemo wakafariki. Siku chache kabla, wahandisi walikuwa wametathmini athari ya kipande cha sponji kilichogonga bawa lake wakati wa kuruka.

Katika ukurasa mmoja wa wasilisho lao, kichwa cha habari kilitoa matumaini. Chini kabisa, kwa lugha ya mafumbo, ndimo ilimokuwa taarifa nzito: kipande hicho kilikuwa kikubwa zaidi ya mara 600 kuliko vile vilivyotumika katika majaribio. Bodi ya uchunguzi ilikosoa mtindo huo wa kutumia kurasa za wasilisho badala ya ripoti kamili.

Stadi hiyo hufundishwa vipi?

Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, unaowezesha nchi wanachama kutambuliana shahada za uhandisi, umeweka mawasiliano miongoni mwa sifa za mhitimu. Anatarajiwa kuandika ripoti zinazoeleweka na kuzungumza na jamii, si na wahandisi wenzake pekee.

Somo moja la mawasiliano katika mwaka wa kwanza halitoshi, kwa kuwa wakati huo mwanafunzi bado hana jambo la kihandisi la kueleza. Njia yenye manufaa zaidi ni kuunganisha uandishi na kazi za maabara, mafunzo kazini na mradi wa mwaka wa mwisho, rasimu zikisahihishwa na kuandikwa upya.

Mambo matatu huhitaji mazoezi ya mara kwa mara. La kwanza ni kutanguliza hitimisho badala ya kulizika ukurasa wa 40. La pili ni kumtambua msomaji na uamuzi anaopaswa kuufanya. La tatu ni kueleza hatari kwa vipimo ambavyo mtu anaviona: kina cha maji, upana wa njia, dakika za kutoka nje.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi. Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa mhandisi wa Kampala, muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiganda na Kiswahili, ukibandikwa kwenye lango la soko, unaweza kuwafikia watu ambao ripoti nzima haitawafikia kamwe. Nao ndio watakaokuwa ndani ya soko maji au moto utakapofika.