Turkana Si Nchi Tupu

Barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar huteremka milima ya Pokot Magharibi, na mtu akishapita Kainuk joto humpokea bila kubisha hodi. Wasafiri wengi hufika Turkana na picha waliyojengewa na habari za ukame: jangwa tupu, watu wanaongoja chakula cha msaada, historia hakuna.

Maji ndiyo huanza kuitia dosari picha hiyo. Kando ya mto Turkwel imeota migunga na mikoma, ambayo makuti yake husukwa vikapu. Mbele ya Kalokol liko Ziwa Turkana, kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Ni maji ya magadi yasiyofaa sana kunywa, lakini yana sangara na ngege wanaokaushwa na kupakiwa malori kwenda kusini.

Dhana iliyo ngumu zaidi kung'oka ni kwamba mfugaji anazurura tu. La hasha. Familia ya Kiturkana huwagawa mifugo kwa mahitaji yao. Ng'ombe wanaotaka nyasi hupelekwa milimani kiangazi, mara nyingi karibu na mipaka. Ngamia hula majani ya miti na hukaa siku nyingi bila maji, kwa hiyo huenda mbali na visima. Mbuzi wa maziwa hubaki karibu na watoto na wazee. Wanyama wengine hukabidhiwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa au uvamizi ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalie. Hiyo ni bima, na ina umri mkubwa kuliko kampuni yoyote ya bima nchini Kenya.

Kuhusu historia, hapa ndipo inapoanzia. Mwaka 1984 mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na zana za mawe zilizopatikana Lomekwi, pia huku Turkana, zina miaka milioni 3.3.

Hata hivyo, njaa si uzushi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na ng'ombe wakafa kwa wingi kuliko ngamia. Ndiyo maana hata jirani za Waturkana, Wapokot na Wasamburu, waliozoea ng'ombe, sasa wengi wanafuga ngamia.