Ila ya Gari Itajwe Kabla ya Bei

Katika soko la nafaka la Tandale, Dar es Salaam, mnunuzi makini hanunui gunia kwa macho. Hutia bambo, kile chuma chenye mfereji, likatoka na punje za katikati. Akazitazama, akazinusa, akazitafuna. Muuzaji mwema hakasiriki, kwani anatambua kuwa ni haki ya mnunuzi kukijua anachokinunua.

Siku hizi biashara ya magari yaliyokwisha tumika imehamia kwenye simu. Picha ya gari lililoegeshwa Kinondoni au Temeke humfikia mara moja mtu aliyeko Mkokotoni au Chake Chake. Hayo ni maendeleo, nasi hatuyapingi. Tangu mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, gari limezidi kuacha kuwa mali ya wakubwa peke yao. Leo mwalimu na mvuvi huchanga akiba ya miaka wanunue gari la kuwapatia riziki. Lakini bambo halipenyi katika picha. Kwa hiyo biashara ya simu yahitaji adabu zaidi kuliko ya sokoni, wala si pungufu.

Tunasikitika kwamba adabu hiyo ni haba. Wako wanaotangaza gari na kuficha bei. Anayeuliza huambiwa aje faraghani, ili mfuko wake upimwe kwanza. Wako wanaorudisha nyuma hesabu ya kilomita. Wako madalali wanaotangaza magari wasiyowahi kuyaona, kisha wakapachika "cha juu" bila ya mwenye mali wala mnunuzi kujua. Dalali ana kazi yake, na ujira wake ni halali. Ujira wa kificho ni ulanguzi.

Wanunuzi nao hawakosi lawama. Mtu huahidi kuja kesho, akamzuia muuzaji asiuze, kisha akazima simu. Mwingine huona wenzake wamekwisha patana, akaingilia kati kwa kuongeza fedha. Tuliopita chuoni tulifundishwa kuwa Mtume alikataza kuingilia biashara ya ndugu yako. Tulifundishwa pia kwamba alitia mkono katika rundo la chakula, akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Rundo la leo ni gari, na umajimaji wake ni giaboksi iliyochoka.

Anayeumia zaidi ni ndugu yetu wa Visiwani. Hulipa nauli ya boti na kupoteza siku za kazi, akifika akakuta gari silo alilosifiwa. Hata likiwa ndilo, liko jambo la karatasi. Gari lenye namba ya Bara halina budi kupitia taratibu za usajili wa Zanzibar kabla ya kupewa namba ya huko. Muuzaji muungwana humweleza mapema kadi iko kwa jina la nani, na kama gari linadaiwa faini za barabarani. Maana faini hizo huandikwa kwa namba ya gari, na asiyeuliza hurithi deni la mwingine. Mnunuzi naye asikawie kubadilisha jina katika kadi, asije akamwachia mwenzake mzigo wa makosa asiyoyatenda.

Tunatoa wito kwa wauzaji: tajeni ila kwanza, kisha bei, kisha ujira wa dalali. Kwa wanunuzi: msitume fedha kabla ya fundi wenu kulikagua gari. Na kwa maofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania na wenzao wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar: gharama zote za kulihamisha gari kutoka upande mmoja wa Muungano hadi mwingine zibandikwe bandarini, kwa Kiswahili chepesi, ili mwananchi azijue kabla hajafungua mkoba wake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeuza gari zima hana sababu ya kuogopa bambo.