Kutoka Myra Hadi Ruth kwa Baiskeli

Kati ya Myra na Ruth, vituo viwili vya zamani vya reli katika milima iliyo juu ya mji wa Kelowna, magharibi mwa Kanada, kuna njia ya baiskeli ya kilomita 12. Kwenda na kurudi ni safari ya siku moja, hata kwa asiye na mazoezi. Treni haimudu mlima mkali, kwa hiyo aliyepima njia hii aliifanya iambae na ukuta wa korongo karibu bila kupanda wala kushuka. Humo mna mahandaki 2 na madaraja 18.

Aliyeipima ni Andrew McCulloch, mhandisi mkuu wa reli ya Kettle Valley, na kila kona ya korongo inaonyesha akili yake. Badala ya kulivuka kwa daraja moja kubwa, alilizunguka, akiziba kila genge kwa daraja lake. Mengi yalikuwa ya mbao: fremu zilizosimamishwa moja baada ya nyingine, miguu ya pembeni ikiwa imetanuka kuelekea chini kama ya mtu anayejiandaa kubeba mzigo, juu yake maboriti, kisha mataruma na reli. Boriti likioza, mafundi walilitoa na kuweka jingine. Daraja namba 6, ambalo baadaye lilijengwa upya kwa chuma, lina urefu wa mita 220 na kimo cha mita 55.

McCulloch alipenda pia kutoa majina. Ruth alikuwa binti yake. Myra alikuwa binti wa J. L. Newman, msimamizi wa utandikaji wa reli. Mbele zaidi, katika bonde la Coquihalla, mhandisi huyu alivipa vituo majina ya wahusika wa Shakespeare: Othello, Lear, Romeo, Juliet, Portia na Jessica. Aliyesoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, atawatambua hao wawili wa mwisho.

Reli ilifunguliwa mwaka 1915. Treni zilikoma kupita korongoni katika miaka ya 1970, na chuma kikang'olewa. Katika miaka ya 1990 wakazi waliojitolea walitandika mbao za kupitia na kuweka kingo ili waendesha baiskeli wavuke salama. Kisha, Septemba 2003, moto wa msituni uliteketeza madaraja 12 ya mbao. Hakukuwa na treni ya kuyangojea, lakini yalijengwa tena, kwa mbao za kubeba uzito kama zile za awali, na njia ikafunguliwa tena Juni 2008. Ni uamuzi wa heshima: daraja jepesi la watembea kwa miguu lingetosha.

Wanaume waliopasua mwamba wa korongo hili, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya, waliacha alama nyingine. Juu ya Naramata, kwenye reli hiyohiyo, bado yapo matanuri ya mawe waliyojijengea ili waoke mkate wao. Nani alikanda unga huo? Nani alining'inia gengeni akipigilia fremu? Vituo vina majina ya mabinti wa wakubwa na ya watu wa tamthilia, ilhali madaraja yana namba tu. Anayeanzia Myra hukutana kwanza na namba 18, kisha hesabu hushuka hadi 1. Kila namba hapo ingestahili jina la mjenzi.