Shaba Iliyomo Ndani ya Jiwe la Kijani

Miongoni mwa wanafunzi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, mahali palipokuwa zamani gereza la wafungwa wa siasa, wamo wengi ambao wazee wao walitoka Kivu na Katanga, sehemu za Kongo ambazo ardhi yake imewashughulisha wataalamu wa madini wa ulimwengu mzima kwa zaidi ya miaka mia. Na wako wenzao wanaokaa Lilongwe penyewe, katika mitaa ya Area 49, ambao husoma vitabu vile vile na kufanya mtihani ule ule. Watoto hawa hufundishwa kemia kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani wa Malawi, ilhali baadhi yao waliianza kwa Kifaransa, na nyumbani hawasemi ila Kiswahili. Kwa hiyo aghalabu hutokea ya kwamba maana ya elementi imekaririwa kwa lugha moja, ikasahauliwa kwa lugha ya pili, wala haijapata kutafakariwa kwa lugha ya tatu, ambayo ndiyo mtoto hufikiri kwayo. Vitabu vyenyewe huanza na atomi, kitu kisichoonekana kwa macho, kisha huteremka pole pole mpaka kwenye vitu vionekanavyo. Mimi naona njia hiyo imegeuzwa kichwa chini, na kwa watoto wa Katanga hasa lipo jiwe moja ambalo lafaa kutangulia.

Jiwe hilo ni malakaiti. Ni la kijani iliyokoza, na likikatwa na kung'arishwa huonyesha mistari ya duara iliyofuatana, myepesi kwa mizito, ndiyo sababu mafundi wa Lubumbashi hulichonga shanga na visanduku vya kuuzia wageni. Lakini babu zao hawakulitafutia uzuri wake. Karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, wahunzi wa Katanga walikuwa wakilichimba wakati wa kiangazi, baada ya mavuno kuingia ghalani, wakajenga tanuri kwa udongo wa vichuguu, wakapanga ndani yake makaa ya miti migumu na mawe ya kijani, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi hata shaba nyekundu ikatiririka, nao wakaisubu katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa makaburini huko Sanga, katika bonde la Upemba. Ilitumika kuwa fedha na mahari. Na mwaka 1960, Katanga ilipojitangazia uhuru wake, misalaba mitatu ya shaba ilichorwa kwenye bendera. Msiri, ambaye asili yake ni Unyamwezi, naye akatawala Bunkeya mpaka alipouawa mwezi wa Desemba mwaka 1891, aliipata sehemu ya utajiri wake kwa shaba hiyo, akifanya biashara na misafara ya pwani zote mbili, ya Waswahili upande wa mashariki na ya watu wa Benguela upande wa magharibi.

Sasa na tuulize swali ambalo mhunzi hakuwa na haja ya kuliuliza, maadamu kazi yake ilikuwa ikimjia sawa: shaba ilikuwa wapi kabla ya moto? Jiwe lilikuwa la kijani, tena likipigwa nyundo huvunjika vipande vipande. Shaba ni nyekundu, na ikipigwa nyundo hunyooka na kutanda. Mtu asiyejua angesema kwamba moto umeumba kitu ambacho hakikuwapo. Jibu la elimu ya kemia ni kwamba shaba ilikuwamo ndani ya jiwe tangu mwanzo, wala haikupungua wala haikuongezeka hata chembe, ila ilikuwa imefungamana na vitu vingine vitatu, navyo ni kaboni, oksijeni na haidrojeni, na katika kufungamana huko kila kimoja kilikuwa kimepoteza sifa zake za dhati. Vitu hivyo vinne, ambavyo hakuna moto wala tindikali iwezayo kuvichambua vikatoka vitu vingine vilivyo sahili zaidi, ndivyo viitwavyo elementi. Na jiwe lenyewe, lililotokana na kufungamana kwao, ndilo kampaundi.

Neno la kushikwa hapa ni kufungamana, kwa sababu si kila vitu vilivyowekwa pamoja vimekuwa kampaundi, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Mama apikaye nsima, yaani ugali, huko Dzaleka aweza kuzidisha unga ikawa ngumu, au kuzidisha maji ikawa laini, na kwa vyovyote itabaki kuwa nsima. Huo ni mchanganyiko, nao kadiri yake iko mkononi mwa mpishi. Kampaundi haimpi mtu hiari hiyo. Joseph Proust, Mfaransa aliyekuwa akifundisha Hispania, aliieleza habari hii mwaka 1799, na jambo la ajabu ni kwamba ushahidi wake mkubwa ulikuwa ni kampaundi ile ile tuizungumziayo: alichukua malakaiti iliyochimbwa ardhini, akachukua na unga wa kijani alioutengeneza mwenyewe kwa dawa katika maabara yake, akavichambua vyote viwili kwa mizani, akakuta ya kwamba kadiri ya shaba na kadiri ya vile vingine ni moja. Mwenzake mashuhuri, Claude Berthollet, alimpinga kwa miaka kadhaa, naye hakuwa mtu wa kudharauliwa, kwani alikuwa amefuatana na Napoleon mpaka Misri mwaka 1798, akayaona maziwa ya magadi ya huko na kutambua kwamba chumvi na mawe ya chokaa vikikutana kwa wingi kandokando ya ziwa huzaa magadi, kinyume cha ilivyotarajiwa. Berthollet alidai kwamba kadiri yaweza kubadilika, akatoa mfano wa shaba iliyochanganywa na madini mengine. Mfano ulikuwa wa kweli, ila haukuhusu. Shaba ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu iliyotiwa zinki, na ambayo watu wa pwani wamesubia mengi tangu zamani, mpaka siwa kubwa ya Lamu, yaweza kuwa na zinki nyingi au kidogo kama fundi apendavyo. Basi hiyo ni mchanganyiko, hata ikiwa macho huiona ni kitu kimoja.

Kwa nini kadiri isibadilike? Proust alijua kwamba ndivyo ilivyo, asijue sababu. Sababu ililetwa na mwalimu mmoja wa Manchester, John Dalton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1808. Alisema ya kwamba kila elementi imeundwa kwa chembe ndogo mno, ndizo atomi. Kwamba atomi za elementi moja zina uzito wake, na za elementi nyingine zina uzito mwingine. Na kwamba atomi hufungamana kwa hesabu kamili, moja kwa moja, moja kwa mbili, mbili kwa tatu, kamwe si kwa nusu wala robo. Maadamu atomi haigawanyiki katika kufungamana, kadiri ya uzito lazima ithibitike. Katika malakaiti hesabu hiyo ni atomi 2 za shaba, 1 ya kaboni, 5 za oksijeni na 2 za haidrojeni, nazo wanakemia huziandika kwa ufupi Cu₂CO₃(OH)₂. Ukilitwaa jiwe safi lenye uzito wa tani au chembe isiyoonekana ila kwa hadubini, hesabu ni hiyo hiyo.

Udogo wa atomi ni jambo ambalo ndimi zote hushindwa kulitamka vizuri. Atomi za shaba zikipangwa foleni zikigusana, hutakiwa kiasi cha milioni 4 ili zijaze milimita moja. Hiyo ndiyo sababu Dalton hakuziona, wala hawakuziona watu wa karne yote iliyomfuata, na wapo wataalamu wakubwa waliokataa kuziamini mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Kuziamini kwake Dalton kulitoka katika mizani, na mimi nalihesabu hilo kuwa mojawapo ya matendo makubwa ya akili ya mwanadamu, kukisia umbo la kisichoonekana kwa kupima tu kinachoonekana.

Basi na turudi tanurini tukiwa na mizani mkononi. Chukua gramu 100 za malakaiti safi, uzipashe moto pasipo makaa kuzigusa. Rangi ya kijani hutoweka, ukabaki unga mweusi, na ukiupima utaukuta umepungua, umekuwa gramu 72. Zilizopungua ni gramu 28, na ukiweza kukinga kila kinachopaa utaona kwamba 20 ni hewa ya kaboni dioksaidi na 8 ni mvuke wa maji, maji ambayo yalikuwa ndani ya jiwe kavu pasipo mtu kuyashuku, hali ya kuwa hayakuwa maji bado, ila atomi tu za haidrojeni na oksijeni. Unga mweusi ni kampaundi nyingine, ya shaba na oksijeni peke yake. Ukiendelea kuupasha moto peke yake hutapata shaba hata ukeshe, na hapa ndipo yaonekana kazi ya makaa. Makaa, ambayo karibu yote ni kaboni, yakiungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye njaa ya oksijeni. Nayo hupita katika unga mweusi, ikainyang'anya shaba oksijeni yake, ikageuka kuwa kaboni dioksaidi na kwenda zake. Kinachobaki chini ni shaba, gramu 57 na nusu. Antoine Lavoisier, ambaye alikatwa kichwa mjini Paris mwaka 1794, ndiye aliyewazoeza wanakemia kuhesabu namna hii, kuweka mizani kabla na mizani baada, na kutokubali kwamba kitu kimepotea mpaka wajue kimekwenda wapi.

Hiyo kaboni monoksaidi yastahili kuongezewa maneno, kwa sababu nyumba za Dzaleka ni ndogo, na baridi ya Juni na Julai katika nyanda za Dowa huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Kaboni gramu 12 zikifungamana na oksijeni gramu 32 huwa kaboni dioksaidi, ile tuitoayo puani kila tupumuapo; gramu zile zile 12 zikipata oksijeni gramu 16 tu, nusu kamili kama alivyohesabu Dalton, huwa kaboni monoksaidi. Elementi ni zile zile mbili. Lakini ya pili, ambayo haina rangi wala harufu, hushikamana na chuma kilichomo katika damu kwa nguvu ipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mtu aliyelala hufa pasipo kuamka. Tabia ile ile iliyomfaa mhunzi wa Katanga ndiyo imwuayo mwenye kulala na jiko, na mwanafunzi aliyeifahamu tofauti ya atomi moja ya oksijeni atajua kwa nini dirisha lapasa kuachwa wazi hata kama moshi hauonekani.

Shaba yenyewe, baada ya kutoka tanurini, haikai upweke wake daima. Ikiachwa miaka mingi katika unyevu na hewa hurudi kuota kutu ya kijani, ambayo kwa sehemu kubwa ni kampaundi za jamii ya lile jiwe la kwanza. Ikifungamana na salfa na oksijeni na maji huwa mrututu wa buluu, ambao wakulima wa kahawa hunyunyizia miti dhidi ya maradhi ya ukungu. Na vijana wachomao nyaya kuukuu ili kuondoa plastiki huiona ikivaa weusi wa unga ule ule tulioupima. Kijani, nyeusi, buluu, na kila mara yaweza kurejeshwa nyekundu, uzito wake ukiwa kamili. Elementi nyingine zina habari zao, na mpaka sasa zajulikana 118, zilizopangwa katika jedwali ambalo msingi wake uliwekwa na Mrusi Dmitri Mendeleev mwaka 1869; lakini aliyeielewa shaba hatapata taabu kubwa kwa zinazobaki.

Limesalia jambo moja, nalo ni kosa la Dalton, ambaye alidhani ya kwamba atomi haigawanyiki kwa njia yoyote. Katika moto wa tanuri na katika chupa za maabara alikuwa na haki, na ndiyo maana hesabu zake zingali zatumika. Lakini mwaka 1911 Ernest Rutherford alionyesha kwamba atomi ina kiini kidogo mno kilichobeba karibu uzito wote, na elektroni zikiwa nje yake. Katika kufungamana ni elektroni tu zishughulikazo, na kiini hakiguswi. Idadi ya protoni zilizomo kiinini, 29 kwa shaba, 92 kwa urani, ndiyo inayoamua atomi ni ya elementi gani. Kiini cha urani chaweza kupasuliwa, na hapo elementi hubadilika kweli kweli, jambo ambalo hakuna mhunzi awezaye kulifanya kwa makaa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa kutengenezea mabomu yaliyoanguka Japani mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga hiyo hiyo ya malakaiti. Malawi nayo ina urani, huko Kayelekera katika wilaya ya Karonga, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014, na kufufuliwa mwaka 2025. Hata hivyo kazi ifanywayo Karonga ni kemia tu, ndugu wa kazi ya Katanga: mwamba husagwa, urani hutolewa ndani yake kwa tindikali ya salfa, hukaushwa ikawa unga wa kampaundi ya urani na oksijeni, kisha hutiwa katika mapipa na kupelekwa ng'ambo, kila atomi yake ikiwa na protoni zake 92 kama ilivyokuwa mwambani.