MWALIMU ALIYEANZA NA MATENGA MAWILI

Ndugu msomaji, tenga si kitu kigeni mkoani Morogoro. Wakulima wa Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, hutia mazao yao katika matenga na kuyapeleka sokoni. Je, unajua kuwa mpira wa kikapu nao ulianza kwa matenga mawili ya matunda?

Aliyeuanzisha ni mwalimu wa michezo wa chuo. Jina lake ni James Naismith. Alizaliwa Kanada mwaka 1861. Mwezi Desemba 1891 alikuwa akifundisha chuoni katika mji wa Springfield, Marekani. Baridi ilikuwa kali. Wanafunzi hawakuweza kucheza nje. Mazoezi ya ndani yaliwachosha, wakawa wakorofi. Walimu wawili walikuwa wamekwisha kushindwa nao. Mkuu wake alimpa Naismith siku 14 atafute mchezo mpya.

Naismith aliomba masanduku mawili. Mtunza jengo hakuwa nayo, akampa matenga mawili ya matunda ya pichi. Mwalimu akayapigilia juu, moja kila upande, kimo cha mita 3 hivi. Akaandika sheria 13. Alikataza kukimbia na mpira mikononi, ili watu wasikamatane na kuangushana. Wanafunzi 18 wakagawanywa, 9 kila upande. Matenga yalikuwa na vitako, kwa hiyo mpira ukiingia ilibidi kupanda ngazi kuutoa. Mchezo wa kwanza ulikwisha kwa bao 1 kwa 0.

ALIFUNGWA MARA NYINGI

Mwaka 1898 Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas. Alifundisha timu ya chuo hicho hadi mwaka 1907. Timu yake ilishinda michezo 55, ikafungwa 60. Mwanzilishi wa mchezo mwenyewe alifungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda!

Je, alikuwa mwalimu mbaya? Hapana. Kwake, michezo ilikuwa njia ya kujenga mwili na tabia njema. Mwanafunzi wake, Forrest Allen, alikuja kuwa kocha wa timu hiyo hiyo, akashinda mamia ya michezo. Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki, mjini Berlin. Naismith alikuwapo, akaona. Alifariki mwaka 1939. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa kucheza katika ligi kubwa ya Marekani. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mti uliopandwa na mwalimu mmoja ulizaa hata kwetu.

NA SISI JE?

Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975. Leo ni zaidi ya 50. Kimoja kipo Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Katika vyuo hivi watu hujifunza kazi za mikono kama ushonaji na useremala. Vyuo hivi huwapokea pia wasichana waliokatishwa masomo kwa kupata mtoto. Upo pia mpango uitwao Mpira Fursa, wa kuwafundisha wasichana wa vyuo hivi soka.

Binti wa namna hii amezoea kuambiwa kuwa ameshindwa. Uwanjani hufungwa leo, na kesho huitwa tena kucheza. Kazi ya kocha ni hiyo: kumwita tena.

Kijiji nacho kinaweza kuanza. Sawazisheni uwanja. Simamisheni nguzo mbili. Fungeni pete za chuma zenye upana wa sentimita 45, kimo cha mita 3 na sentimita 5. Fundi wa kijijini anaweza kuzitengeneza. Wachezaji ni 5 kila upande.

Basi ndugu wananchi, timu yenu ikifungwa msikimbilie kumfukuza mwalimu. Kwanza ulizeni: vijana wangapi wanakuja mazoezini? Wangapi wameacha ulevi? Wangapi wamerudi darasani? Vikombe ni vizuri, lakini watu ni bora zaidi.